Kufundisha Kiingereza Piyaya: Mwongozo kwa Mwalimu Mgeni

Barua ya ajira ikikupeleka wilaya ya Ngorongoro, ukaambiwa kituo chako ni upande wa Piyaya, Malambo au Arash, wengi watakupa pole. Watakusimulia vumbi, ukame, shida ya maji na simu isiyoshika mtandao. Hayo yapo, jiandae nayo. Lakini ipo pole moja nakuomba uikatae tangu siku ya kwanza, nayo ni ile ya kwamba watoto wa kule lugha hawana. Ukiingia darasani na imani hiyo, utafundisha miaka mitano bila kuwaona wanafunzi ulionao. Mtoto aliyekulia katika boma la Kimaasai amesikia wazee wakitetea hoja mchana kutwa, amesikia bibi akisimulia usiku, na anaweza kukueleza ng'ombe mmoja kati ya mia kwa rangi, madoa na pembe zake hadi ukamtambua. Huyo lugha anayo. Kinachokosekana ni daraja la kutoka pale alipo hadi kwenye Kiingereza cha shule, na kulijenga ndiyo kazi uliyoajiriwa.

Elewa kwanza uzito wa safari yake. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari kwa Kiingereza. Mtoto wa mjini huvuka mara moja. Mtoto wa Piyaya huvuka mara mbili, maana Kiswahili chenyewe wengi wao hukutana nacho kwa uzito shuleni, nyumbani kunasemwa Kimaasai. Akifika kidato cha kwanza, Baiolojia, Fizikia, Historia na Jiografia zote zinamwamkia kwa lugha ya tatu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zihamie kwenye Kiswahili. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tuna maoni yetu juu ya hilo, na yangu ni kwamba mtoto huelewa haraka zaidi kwa lugha anayoimudu. Lakini Jumatatu asubuhi utasimama mbele ya kidato cha kwanza chenye mtihani wa Kiingereza mbele yake, na masomo yote yatapita mlangoni kwako.

Wiki za kwanza

Usianze na nyakati za vitenzi. Najua azimio la kazi linakusukuma, na mkuu wa shule atataka kuona mada ya kwanza imekamilika. Anza na sikio. Toa amri fupi za darasani na uzitende mwenyewe kwa mwili: simama, fungua daftari, chora mstari, mpe mwenzako kalamu. Rudia kesho. Soma kwa sauti kila siku, dakika chache tu, hadithi rahisi, hata kama wanashika nusu. Kisha zunguka ofisini, umwombe kila mwalimu wa somo akuandikie maneno kumi anayoyatumia kila kipindi. Utagundua kwamba mtoto huanguka kwenye mtihani wa Jiografia akiwa anaijua Jiografia, kwa sababu hakuelewa tofauti ya "describe" na "explain". Maneno ya maagizo ya mtihani yafundishe mapema kuliko sarufi yoyote, na uyabandike ukutani.

Watoto wadogo wa Kimaasai humwamkia mkubwa kwa kuinamisha kichwa, naye huwawekea kiganja utosini. Wakikufanyia hivyo njiani au nje ya bweni, pokea. Usisubiri "good morning" ndipo uitikie.

Usimvishe mtoto kibao shingoni kwa sababu amesema Kimaasai, wala usibandike mlangoni pa ofisi tangazo la kuwanyima huduma wasiosema Kiingereza. Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika Decolonising the Mind, kitabu chake cha mwaka 1986, jinsi wanafunzi wa Kenya ya kikoloni walivyoadhibiwa na kuvishwa vibao vya aibu kwa kusema Kigikuyu. Adhabu hiyo hufundisha kunyamaza. Mtoto aliyenyamaza kidato cha kwanza utamkuta amenyamaza kidato cha nne, na hakuna mtahini anayetoa alama kwa ukimya. Kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: lugha yoyote kwa kuelewa, Kiingereza kwa kutoa. Vikundi vijadili kwa Kimaasai wakitaka, lakini msemaji wa kikundi akisimama aseme kwa Kiingereza, hata sentensi tatu. Wewe nawe, dhana ngumu ieleze kwa Kiswahili dakika tano, kisha urudi.

Sauti na sarufi

Hapa walimu wengi wageni hawajui wanachokitupa. Kiswahili kina irabu tano. Kimaasai kina irabu tisa, na mzungumzaji wake hutofautisha irabu ya kukaza na ya kulegeza ulimi bila kufundishwa. Kwa hiyo "ship" na "sheep", jozi inayowatesa watoto wa pwani na wa mjini, mtoto wa Piyaya ana sikio lake tayari. Shida huja pale wewe unapomfundisha Kiingereza kupitia irabu tano za Kiswahili, ukamfuta alichokuja nacho. Mwache asikie sauti halisi. Mwombe mwanafunzi akutajie jozi za maneno ya Kimaasai yanayotofautiana kwa irabu hizo, yaandike ubaoni, kisha weka jozi za Kiingereza pembeni. Darasa litakuwa linakufundisha na wewe, na hilo lina faida yake.

Upande wa pili, f, v na z si sauti asilia za Kimaasai. Wamezipata kupitia Kiswahili, na aliyekipata Kiswahili kwa kuchelewa atayumba. Zifanyie mazoezi mafupi ya kila siku, bila kumcheka mtu.

Kwenye sarufi, mambo mawili yatakula kalamu yako nyekundu. La kwanza ni "am" na "is" kupachikwa kila mahali, "I am go", "he is come", kwa kuwa mtoto anatafuta kitu cha kukaa mahali pa viambishi vya Kiswahili vinavyobeba wakati. La pili ni "he" na "she". Kiswahili kina yeye mmoja, na Kimaasai vilevile hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi hicho, ingawa majina yake yamegawanyika kijinsia waziwazi. Kueleza kanuni hakusaidii sana, maana kanuni wanaijua. Wape hadithi ya mzee na mkewe wanaobishana juu ya mbuzi aliyepotea, waisimulie upya mmoja baada ya mwingine, kila atakayekosea aanze upya sentensi ile. Baada ya muhula mmoja utaona tofauti kwenye madaftari. Na unaposahihisha insha, chagua kosa la aina moja kwa juma hilo, uyaache mengine. Daftari lililojaa wekundu mtoto hulifunga na halifungui tena.

Kileken

Sasa tufike kwenye fasihi, maana ndiko lugha hukaa. Vitabu vya kuanzia vilivyozoeleka Tanzania, kama Mabala the Farmer na Hawa the Bus Driver vya Richard Mabala, ni vyepesi na vinafaa, vitumie. Lakini kwa Piyaya nakuomba uongeze kitabu kimoja kidogo ambacho hakimo kwenye orodha ya mtihani: The Orphan Boy cha Tololwa Mollel, mwandishi mzaliwa wa mkoa wa Arusha aliyehamia Kanada. Kilitoka mwaka 1990, na michoro ya Paul Morin iliyomo ilipata tuzo ya Gavana Mkuu wa Kanada mwaka huohuo. Ni hadithi ya Kimaasai ya Kileken, nyota ya alfajiri na ya jioni, yaani sayari ya Zuhura. Mzee asiye na mtoto anatazama mbinguni, anaona nyota moja haipo. Mara anatokea mvulana yatima, anakaa naye, anachunga ng'ombe wake hata wakati wa ukame wakanenepa, kwa sharti moja kwamba siri yake isichunguzwe. Udadisi unamshinda mzee.

Darasa lako litaijua hadithi hiyo kabla hujafungua kitabu, au litajua nyingine inayofanana nayo. Basi panga hivi. Siku ya kwanza, kila mtoto aende kuuliza nyumbani, na wa bweni waulizane: Kileken ni nani? Siku ya pili wasimulie kwa Kimaasai katika vikundi, kisha kwa Kiswahili mbele ya darasa. Wataanza kubishana, maana simulizi za boma moja na jingine hazilingani. Usiumalize ubishi huo. Siku ya tatu ndipo usome Kiingereza cha Mollel, polepole, kwa sauti. Kwa mara ya kwanza wanafunzi hao watasoma Kiingereza wakijua mambo kuliko kitabu. Watasema, "Hapa amebadilisha." Mwandishi amebadilisha nini, na kwa nini? Ukifika hapo, umekwisha kufundisha uhakiki wa fasihi kwa kidato cha kwanza, bila kulitaja neno uhakiki. Siku zinazofuata waandike yao kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, na zile nzuri uziweke kwenye jalada la shule.

Mollel ana kingine cha kuchekesha, Rhinos for Lunch and Elephants for Supper!, nacho kinatokana na ngano ya Kimaasai. Kwa kidato cha tatu na cha nne kuna The Worlds of a Maasai Warrior cha Tepilit Ole Saitoti, kilichochapishwa mwaka 1986. Saitoti alikulia nyanda hizihizi za Ngorongoro, akafanya kazi ya ulinzi wa hifadhi Serengeti, akasoma hadi Marekani, akayaandika maisha yake kwa Kiingereza. Baadhi ya kurasa zinahitaji umri, kwa hiyo chagua sura. Lakini mtoto wa Piyaya anapaswa kujua kwamba mtu wa kwao alikwisha kuandika, na kwamba wageni wa mbali wanaosoma habari za Umaasai wanazisoma kwake pia. Naomi Kipury naye, msomi Mmaasai wa Kenya, alikusanya ngano, vitendawili, methali na nyimbo katika Oral Literature of the Maasai, mwaka 1983. Ukikipata hicho, kiweke mezani kwako, kitakusaidia kila unapofundisha fasihi simulizi.

Vitabu vya mtihani

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 na unapanda darasa kwa darasa, hivyo hakikisha orodha ya mwaka wako kwa mwalimu wa taaluma kabla hujanunua chochote. Nitasema juu ya vitabu vitatu vilivyokaa muda mrefu katika madarasa yetu, kwa sababu vinagusa maisha ya Piyaya moja kwa moja.

The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka ina mwalimu wa kijiji, Lakunle, anayemtaka Sidi lakini hataki kulipa mahari, akiona ni ushenzi. Piyaya mahari ni ng'ombe, na kila mwanafunzi ana dada, shangazi au kaka aliyepitia mazungumzo hayo. Usilitangulize jibu lako. Weka mjadala kwa mtindo wanaoujua: katika mikutano ya wazee msemaji husimama na fimbo mkononi, husema hadi amalize, na anayefuata huanza kwa kujibu aliyetangulia. Chukua fimbo, ipitishe darasani. Kanuni yako iwe moja tu ya kuongeza, kwamba fimbo lazima ifike kwa wasichana, na wao wawe wa kwanza. Kumbuka pia kwamba Lakunle ni mwalimu, mgeni wa mila, mpenda maneno makubwa ya Kiingereza. Darasa litakupima wewe kupitia yeye. Ukiwa umewahi kudharau kwao, watamcheka Lakunle huku wakikutazama.

The Black Hermit ya Ngũgĩ, iliyoigizwa kwanza Kampala mwaka 1962 wakati wa sherehe za uhuru wa Uganda, inamhusu Remi, msomi pekee wa kabila lake, aliyeozwa mjane wa kaka yake kinyume cha moyo wake, akakimbilia mjini. Wazee wanamfuata. Anarudi na hotuba kali, na anayeumia kuliko wote ni Thoni, mke asiyesikilizwa. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, lakini sare, godoro na nauli bado huuzisha mbuzi. Waulize: aliyesomeshwa kwa mifugo ya ukoo anadaiwa nini na ukoo? Watajibu kwa kurasa. Iigizeni nje, chini ya mgunga. Tamthiliya isomwe kwa miguu na mikono, na hata mwanafunzi mwoga wa kusema hupewa ujasiri na maneno ya mwingine.

Cha tatu ni Unanswered Cries cha Osman Conteh wa Sierra Leone, juu ya msichana Olabisi na ukeketaji. Hapa tembea kwa uangalifu mkubwa. Katika darasa la Piyaya huenda wakawamo wasichana waliokwisha kukeketwa, wanaosubiri, na waliokimbia. Kamwe usimwulize mwanafunzi yaliyompata, wala usitumie mfano wa familia inayojulikana. Maswali yote yawe juu ya Olabisi, mama yake na baba yake. Kabla hujaanza, zungumza na matroni au mwalimu wa kike ili awepo, na uwaambie wasichana kwamba mlango wake uko wazi. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 imeharamisha kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18. Wajue hivyo kwa maneno mepesi, na wajue Dawati la Jinsia na Watoto la polisi na ofisi ya ustawi wa jamii zipo kwa ajili yao. Wakati huohuo usiwatukane mama zao. Conteh mwenyewe anampa mama wa Olabisi sababu zake, na mwanafunzi anayeweza kuzieleza sababu za mhusika asiyekubaliana naye amesoma riwaya sawasawa. Mimi siamini kwamba kitabu hicho kirukwe kwa kuogopa wazazi. Naamini kifundishwe baada ya kuwa umekaa, umeaminiwa, na umeonana na viongozi wa kijiji.

Kuhusu mtihani wenyewe, onyo langu ni juu ya pamfleti za majibu yaliyotayarishwa. Wanafunzi watakuletea hoja sita zilizokaririwa kwa kila kitabu. Mtahini amezisoma mara elfu. Mfundishe mwanafunzi kusema jambo moja, kulishikisha kwenye tukio na jina la mhusika, kisha kueleza tukio hilo linathibitisha nini. Aandike hivyo kila Ijumaa, aya moja tu, tangu kidato cha pili.

Upungufu wa vitabu na kalenda ya ng'ombe

Nakala moja kwa darasa zima si mwisho wa somo. Soma wewe kwa sauti, zamu za wanafunzi zikunakilie kurasa muhimu kwenye karatasi za manila, mzitundike. Ukishuka Karatu au ukipanda Loliondo kwa mshahara, tumia mtandao wa huko kupakua vitabu vya maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hadithi za bure za African Storybook zilizoko kwa Kiingereza, Kiswahili na lugha nyingine za Afrika. Simu moja na spika ndogo ya sola hutosha kwa kipindi cha kusikiliza.

Na ujue mapema kwamba kalenda ya shule si kalenda pekee inayotawala Piyaya. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa katika nyanda za majani mafupi za Serengeti na Ngorongoro. Ndama wao hueneza virusi vinavyoua ng'ombe, hivyo wafugaji huihamisha mifugo mbali nao. Muhula wa kwanza nao huanza Januari. Ukiona madawati ya wavulana wazi, huenda wamekwenda na mifugo; usiandike "mtoro" kabla hujauliza. Mambo mazito ya muhula yapange yaweze kurudiwa, mpe kila anayeondoka kurasa chache za kusoma porini na swali moja la kujibu akirudi, na nenda kwenye mkutano wa kijiji ukawaambie wazee kwa heshima gharama ya juma moja lililopotea. Watakusikiliza kuliko wanavyosikiliza barua.

Ombi langu la mwisho ni kwa siku utakayohamishwa, kwa kuwa walimu wengi huhamishwa. Lile jalada la hadithi za Kileken, karatasi za manila, orodha ya maneno ya kila somo na rekodi ya vitabu mlivyosoma, vikabidhi kwa maandishi kwa mkuu wa shule na kwa mwalimu anayekupokea. Usiondoke navyo.